Nilisema Amepona

17 Februari

Maureen wa kliniki amenipa karatasi yenye visanduku vya kuwekea alama kila siku. Amelala? Amekula? Ametoka nje peke yake? Visanduku ni vidogo na vyote ni vya Kiingereza, na mimi niliyekuwa katibu wa kwaya kambini miaka saba siwezi kumweleza binti yangu kwa vema na kosa. Kwa hiyo nimechukua daftari hili. Maureen nitamjazia visanduku vyake. Humu nitaandika yangu.

Binti yangu ni Héritière, miaka kumi na miwili. Tunaishi wawili, ghorofa ya pili, Saint Louis Park, Amerika. Baba yake, Onesphore, faili lake halikuwa pamoja na letu, kwa sababu ndoa yetu ilifungwa kanisani tu, bila cheti cha serikali. Januari ya mwaka jana alikuwa na tiketi mkononi. Siku nne kabla ya kuruka, safari zote za wakimbizi zikasimamishwa. Héritière alikuwa ameshamtengea baba yake droo mbili za kabati. Miezi michache baadaye hofu ikaanza kumkamata mchana kweupe. Hutetemeka, hushindwa kuvuta pumzi, kisha hufungua mlango na kwenda, bila koti, bila kuaga. Ukimuuliza alikuwa anaenda wapi, hajui. Mara mbili polisi wamemrudisha. Na baridi ya mji huu haimsamehi mtu aliyetoka na fulana.

Leo amelala. Amekula nusu mkate. Hajatoka.

18 Februari

Amelala. Amekula. Hajatoka.

19 Februari

Amelala kidogo. Shuleni hakula. Hajatoka.

21 Februari

Barua ya kaunti. Nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama. Msaada wa fedha wa familia una miezi sitini tu katika maisha ya mtu, na yangu inaisha mwisho wa Mei. Oktoba niliacha kazi ya kusafisha hoteli kwa sababu kila siku, kabla ya saa tano, shule ilikuwa inanipigia: njoo, ametoka tena darasani. Msaada huo ndio umeniweka nyumbani. Ukikatika nitarudi kazini, na nikirudi kazini, nani atakaa na mtoto? Sina dada hapa, sina mama, sina jirani anayejua jina langu.

Nikampigia Maureen. Maureen ni Mkenya, anatembea mbio, anaongea mbio, na ana kucha ndefu ambazo sijui anafungaje vifungo vya blauzi. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu atatujazia karatasi na kutusahau.

"Mama Héritière, hebu breathe," akasema. "Kuna bill iko kwa bunge la state. Ikipita, ile miezi umekaa home juu ya mtoto mgonjwa haitahesabiwa. Halafu kliniki za watoto zitaongezewa pesa, hii waiting list ipungue. So usi-panic bado."

Usi-panic. Kama vile hofu ina swichi ukutani.

22 Februari

Amelala. Amekula ugali na samaki, akaomba tena. Hajatoka. Nimeosha sahani nikiimba.

26 Februari

Ametoka. Nilikuwa bafuni, dakika tatu, siyo zaidi. Nimemkuta kituo cha basi hana soksi. Dereva wa basi alikuwa amekataa kuondoa gari mpaka mwenye mtoto aje, na abiria wote wakanitazama nikimvika viatu. Nikamwambia dereva asante mara nyingi mpaka akaona haya.

Tangu leo nitaoga akiwa shuleni.

1 Machi, Jumapili

Leo tumemaliza mfungo wa siku saba. Kanisa letu linapanga ukumbi wa Walutheri. Wao wanatoka saa sita, sisi tunaingia saa nane, na huwa tunakuta bado wanapangusa meza za kahawa.

Kwetu mtu akimaliza mfungo hutoa ushuhuda, na ushuhuda hautolewi nusu. Husemi unaomba mtoto apone. Unasema amepona, unashukuru kabla hujapokea, kwa sababu kusitasita ni kumwonyesha Mungu kwamba unamshuku. Nimesikia ushuhuda wa namna hiyo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Watu wameshukuru viza kabla ubalozi haujawapangia tarehe. Kila mtu mzima anajua jinsi inavyosemwa.

Joyeuse, mke wa Mchungaji Munyaneza, alinishika mkono. Joyeuse ni mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. "Dada Pascasie, toka mbele. Usiogope. Ukinyamaza unampa Shetani nafasi, donc usimpe."

Nikatoka. Nikasema, "Binti yangu amepona. Hatetemeki tena, hatoki tena." Vigelegele vikapanda, nami nikapanda navyo. "Hata dawa ameziacha. Bwana ndiye dawa yake!"

Hilo la dawa nilitia chumvi. Asubuhi hii hii nimempa kidonge chake na chai. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama, na simu ya kanisa kwenye mguu wake wa chuma ilikuwa inarusha moja kwa moja mtandaoni. Héritière alikuwa safu ya tatu. Alinitazama usoni, muda mrefu, kama ambavyo hajanitazama mwaka mzima. Nimefurahi sana.

3 Machi

Amelala. Amekula. Hajatoka. Asubuhi amechukua kidonge mwenyewe, akaenda nacho na kikombe chumbani kwake. Anakua.

5 Machi

Amelala. Amekula. Hajatoka.

10 Machi

Siku kumi na mbili hajatoka! Maureen anasema dawa zimeanza kushika. Mimi najiuliza kama siyo Joyeuse aliye na haki. Nimeoga Jumamosi mchana, yeye akiwepo, na nikachelewa makusudi.

12 Machi

Hakulala. Nilimsikia akipindua mto. Asubuhi akasema, "I'm fine," akavaa koti hadi zipu ya mwisho bila kuambiwa.

14 Machi

Maureen amekuja nyumbani, ameketi kwenye kiti cha jikoni na kompyuta mapajani. Mswada umepangiwa kusikilizwa na kamati, Aprili. Wanataka wazazi waende bungeni Saint Paul wakaeleze. Dakika mbili kila mtu.

"Wewe uko na story, mama. Uwaambie tu vile iko. Vile uliacha job, vile mtoto anatoka."

Nikasema nitafikiria. Alipoondoka nilitazama tena simu yangu. Kwa sababu ile video ya kanisa imetembea kuliko mimi. Binamu yangu wa Anoka amenirudishia kwenye WhatsApp na maneno "Hongera kwa muujiza!" Imefika Kigali, imefika Nairobi. Nitasimamaje mbele ya wabunge niseme mtoto ni mgonjwa, na mimi mwenyewe niko mtandaoni napunga mikono nikisema amepona? Wataniita mwongo. Wiki hizi watu wetu hawafungui mlango bila kuchungulia dirishani kwanza, kwa hofu ya maafisa wa uhamiaji, ingawa karatasi tunazo. Mtu hapa halali akiwa na neno moja lisilo sawa, na mimi langu limetazamwa na watu elfu nne.

15 Machi, Jumapili

Baada ya ibada nimemwomba Joyeuse aifute.

"Kufuta ushuhuda?" Aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. "Pascasie, hiyo ni kumukana Bwana mbele ya watu. Ao mutoto amerudilia ugonjwa?"

"Hapana," nikasema.

Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, nimegundua.

18 Machi

Hakulala. Hakula. Hajatoka, lakini amesimama nyuma ya mlango saa nzima na mkono kwenye kitasa.

20 Machi

Theluji inayeyuka, mabomba ya paa yanatoa maji usiku na mchana. Ziwani nyuma ya majengo wamesimamisha vibao vya kuonya kuhusu barafu. Majuzi tu watu walikuwa wanavua samaki juu yake, wameketi kwenye ndoo. Leo maji yamesimama juu ya barafu, na ukingoni imekuwa ya kijivu.

Hakulala. Nimempigia Maureen, amesema tumwone daktari tarehe 30, hakuna nafasi kabla. Nimemwambia dawa nampa kila siku. Na kweli nampa.

22 Machi

Hakulala. Chai tu. Shule zimefungwa wiki nzima, likizo ya machipuko. Wiki nzima mimi na yeye na mlango.

24 Machi

Ninaandika hospitali, kwenye karatasi ya muuguzi. Nitaibandika daftarini baadaye.

Saa nane mchana nilishuka chini kutoa nguo kwenye mashine. Alikuwa kitandani na kitabu. Nilifunga mlango kwa ufunguo, lakini kufuli lake hufunguka kwa ndani hata bila ufunguo, ndivyo sheria ya moto inavyotaka. Nilikuwa chini dakika kumi. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na viatu vyake vilikuwa mahali pake.

Nyayo zilionekana kwenye theluji ya majimaji, nyayo za soksi. Nilizifuata nyuma ya majengo mbio, na zilikuwa zinaelekea ziwani. Mzee mmoja mwenye mbwa alikuwa ukingoni anaongea na simu kwa sauti kubwa. Héritière alikuwa katikati ya barafu, mbali, ameketi, amekumbatia magoti, kwenye dimbwi. Alivaa gauni lake la Jumapili.

Nilitia mguu. Barafu ililia chini yangu, na yule mzee akanishika nguo nyuma, akanivuta, tukaanguka wote wawili. Nilimpiga kiwiko. Hakuniachia. Alikuwa anasema ukienda utazama na atakuja kukufuata, naye atazama. Nilimwelewa, na bado nilitaka kumuuma mkono.

Kwa hiyo niliita. Siyo kwa kelele, niliogopa atashtuka asimame. "Héritière. Mama yuko hapa. Kaa hivyo hivyo."

Akageuza kichwa. Akaniambia kwa Kiswahili, na sauti juu ya maji ilinifikia safi kabisa: "Niko sawa, Mama. Nimepona."

Nikarudia kusema kaa hapo, kaa hapo, sijui mara ngapi. Zimamoto walikuja wanne. Mmoja alikuwa amevaa nguo ya rangi ya chungwa ya kuelea, akatambaa kwa tumbo na kamba kiunoni. Alikuwa anamwambia kitu, alikuwa anatabasamu, nilimwona anatabasamu huku barafu inapasuka kiwikoni mwake. Alipomfikia, alimlaza kwenye ubao wakavutwa wote. Hatua tano kabla ya ukingo barafu ilifunguka na maji yakamfika Héritière kifuani. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Yuko hai. Amefunikwa blanketi zenye hewa ya moto. Vidole vyote vipo.

Muuguzi akaniuliza kidonge cha mwisho amekunywa lini. Leo asubuhi, nikasema, nimempa kwa mkono wangu. Ndipo Héritière, macho juu kwenye dari, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza kwamba siyo. Baada ya Machi mosi hajanywa hata kimoja. Anavisukuma kwenye matundu ya hita chumbani kwake. Muuguzi akamuuliza kwa nini.

"Because Mama told God I stopped," akasema. "Sikutaka aonekane mwongo."

Muuguzi alitungoja sisi wawili tumalize kulia, halafu akatoka kwenda kuita daktari.

27 Machi

Alikuja mtu wa kaunti, kitengo cha kulinda watoto. Nilijua atakuja. Kambini tulikuwa tunasimuliana kwamba Amerika mtoto ni wa serikali na wewe umeazimwa, na nilicheka wakati ule.

Anaitwa Wanjala, Mkenya, mrefu, mwenye Kiswahili kizuri na kalamu mbili mfukoni. Afadhali angekuwa Mmarekani, ningejificha nyuma ya mkalimani.

"Mama, naomba nikuulize moja kwa moja. Kuna mtu alimwambia mtoto aache dawa?"

Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema hapana, na ingekuwa kweli kwa neno, kwa sababu sikumwambia yeye. Nilimtazama Héritière kupitia kioo, amelala mdomo wazi.

"Mimi," nikasema. "Mbele ya watu mia moja."

Nikamweleza yote, mfungo, safu ya tatu, vigelegele. Aliandika. Hakuinua nyusi. Nilipomaliza akafunga kalamu. "Mama yangu pia hushukuru hivyo," akasema. "Lakini lazima nipeleke vile umesema, na siwezi kukuahidi kitu."

Niliuliza kama watamchukua. Alisema uamuzi hautoki kwake peke yake. Basi nimebaki roho juu.

31 Machi

Tumerudi nyumbani. Kidonge asubuhi, mbele yangu, mdomo wazi, ulimi juu. Yeye anaona haya na mimi naona haya, na tunafanya.

Nimefungua matundu ya hita kwa bisibisi. Ishirini na vitatu.

2 Aprili

Amelala. Kila gari likisimama chini naenda dirishani.

5 Aprili, Pasaka

Hatukwenda. Joyeuse hakupiga simu. Habari amezipata, kila mtu amezipata.

9 Aprili

Amelala. Amekula. Hajatoka. Kaunti kimya. Nimefua mapazia ili Wanjala akirudi aone mapazia safi.

12 Aprili, Jumapili

Nimekwenda mbele bila kuitwa. Mchungaji Munyaneza alikuwa katikati ya matangazo, akanipisha. Niliwageukia watu, lakini nilizungumza na safu ya tatu.

"Mwezi uliopita nilisema hapa kwamba Héritière amepona na ameacha dawa. Hakuwa amepona. Dawa hakuwa ameacha. Nilisema kwa sababu mlikuwa mnapiga makofi. Yeye alisikia, akaziacha, ili mama yake asiwe mwongo. Karibu nimzike. Mwongo nilikuwa mimi. Héritière, mwanangu, nisamehe. Dawa ni zako, na Mungu hakuchukii ukizinywa."

Hakuna aliyesema amina. Nilisikia mashine ya kahawa ya Walutheri ikinguruma. Joyeuse alisimama akazima simu ya kanisa, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kunitazama. Nikasema basi, nimepoteza na kanisa.

Tulishuka kwenye gari nyumbani. Héritière akabeba mfuko wangu.

16 Aprili

Saint Paul. Maureen alitupitia kwa gari lake. Ndani ya lile jengo viatu vinasikika hata ukikanyaga kwa vidole. Chumba cha kamati kina viti vya ngozi kwa wabunge na vya chuma kwetu. Nilikaa, nikaona mikono ya Maureen: amekata kucha zote.

"Hata mimi hii room inani-scare," akaninong'oneza. "Nimekuja mara sita. Mara sita zote nimetapika asubuhi."

Nilimshika mkono. Miezi miwili nimeandika mabaya yake humu.

Nikaitwa. Nilisema kwa Kiswahili, Maureen akatafsiri sentensi kwa sentensi. Niliwaambia kazi ya hoteli, simu za shule, miezi sitini, barafu. Niliwaambia pia ya kanisani, kwa sababu niliona ni heri waisikie kwangu kuliko kwenye simu. Wawili walikuwa wanaandika, mmoja alikuwa anakula karanga.

Mbunge mzee mwenye tai ya kijani akainua kidole. Aliuliza kwa upole, na upole ndio ulionitisha. Akasema: mama, siku ile ulikuwa nyumbani, na mtoto alitoka. Sasa kukulipa ukae nyumbani kunasaidia nini?

Maureen alitafsiri polepole sana, akinipa muda.

"Nilikuwa nyumbani," nikasema, "ndiyo maana nilijua baada ya dakika kumi. Ningekuwa kazini ningejua jioni."

Aliandika kitu. Mpaka sasa sijui aliandika nini.

22 Aprili

Barua ya kaunti. Niliifungua nikiwa nimeketi sakafuni ili nisiwe na pa kuanguka. Hawamchukui. Kuna mpango wa usalama: kengele mlangoni, dawa chini ya kufuli, mtu mzima aliyefundishwa awe naye muda wote kwa miezi sita. Wasipomkuta na mtu mzima, faili litafunguliwa upya.

Mtu mzima muda wote. Na Mei ndiyo hiyo inakuja.

29 Aprili

Amelala. Amekula. Hajatoka. Mswada umepita kamati ya kwanza, umekwenda nyingine.

3 Mei

Kengele ya mlango. Nilichungulia: Joyeuse, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, imefungwa kwa kitenge. Nilijua amekuja kunitenga rasmi.

Aliketi bila kuvua koti. "Nilikuwa na hasira na wewe. Bon. Bado ninayo kidogo. Umetuaibisha mbele ya watu wote." Akafungua sufuria, akaifunga tena. "Lakini njo mimi nilikuvuta mukono. Ile video nimeifuta. Kila nikifumba macho naona tu yule mutoto kwa maji."

Baadaye akauliza, na sijawahi kumsikia Joyeuse akiuliza kitu kwa sauti ndogo, mtu anafanya nini mtoto akishikwa na ile hofu. Nikamwonyesha. Usimshike. Usimkemee. Usiombe kwa sauti kubwa. Keti chini, upumue polepole mpaka akufuate.

"Nisiombe?"

"Omba kimya."

Aliwaza. "Itakuwa vigumu," akasema.

Tangu leo anakuja kila alasiri kujifunza.

10 Mei

Ametetemeka, hajatoka. Joyeuse alikuwepo, aliketi sakafuni na goti lake bovu, midomo inatembea bila sauti.

18 Mei

Leo bunge limefunga kikao. Maureen alipiga jioni, kabla sijasema halo nilishajua.

"Pesa za kliniki zimepita, mama. Héritière ako na place kwa day program, September. Ile ya miezi... wameitoa. Wanasema next session."

"Hiyo ni lini?"

"January."

Alikuwa analia yeye, mimi nikawa namfariji. Nilipokata simu nikaanza kutafuta kazi.

21 Mei

Kazi: nyumba ya wazee, Woodbury, dakika arobaini kwa gari. Sina gari la kutegemea, nitapanda van ya Rukundo wa kanisani na wengine watano. Van inakwenda alfajiri na kurudi jioni. Katikati hakuna kurudi, hata iweje. Na wakati wa zamu simu haziruhusiwi, nimetia sahihi.

Wanjala amekuja kumfundisha Joyeuse na kuandika jina lake kwenye mpango. Joyeuse alimpa sombe.

31 Mei

Mwezi wa sitini umeisha. Hakukuwa na sauti yoyote.

5 Juni

Shule zimefungwa. Usingizi sina. Héritière amelala, mimi nimekaa nikisikiliza.

8 Juni, Jumatatu

Ninaandika kwenye van, tunarudi.

Asubuhi nilimwacha kitandani, Joyeuse sebuleni na Biblia na soksi za kufuma. Njia nzima nilikuwa nahesabu vituo, kila kituo kinaniweka mbali zaidi. Simu niliificha mfukoni ingawa nilitia sahihi.

Saa nne na nusu nilikuwa namvisha bibi mmoja sweta. Simu ikatikisika pajani. Jina lake. Nikapokea.

"Mama." Alikuwa anahema. "I want to go out. Sijatoka. Nakuambia tu."

"Joyeuse yuko wapi?"

"Hapa. Tumeketi kwenye ngazi. Anapumua vibaya, lakini anajaribu." Nyuma yake nilimsikia Joyeuse akivuta pumzi kwa nguvu zote. "Unaweza kubaki?"

Msimamizi alikuwa mlangoni. Akanyoosha kidole kwenye simu, kisha kwenye saa ya ukutani. Akasema jina langu. Nilimsikia vizuri. Nikamgeuzia mgongo, sweta ya bibi wa watu imefungwa nusu, na bibi akanitazama tu.

"Nimebaki," nikasema. "Vuta. Toa. Tena."

Tulipumua hivyo, sijui muda gani. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, unaogopa?"

Jibu la haraka lilifika ulimini, lile la kumtuliza mtoto. Nikalimeza.

"Ndiyo, mwanangu. Naogopa sana."

"Me too," akasema, na hakukata simu.